Kijana wa Langoni anayetaka kuishi kwa usukani wa mashindano

Langoni, hapa mjini Amu (Lamu), kuna vijana wanaotaka kuwa madereva wa mbio za magari, na sioni sababu ya kuwacheka. Ni kweli mtaa wetu umejengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Gari halipiti vichochoroni, na anayetaka kuona magari mengi kwa mpigo sharti apande boti avuke hadi Mokowe. Lakini simu haijui maji. Kila mwaka Safari Rally inapofika Naivasha, pana watu barazani wanaojua majina ya madereva kuliko ya madiwani wao, na baadhi yao wanauliza maswali ya haki. Je, hii ni kazi ambayo mtu wa Amu anaweza kuifanya? Aanzie wapi? Itamlisha?

Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila anayeanza kwa kutafuta usukani huchelewa, na wengi hawafiki kabisa. Wanaofika bila mali ya baba hupitia mlango wa nyuma: ufundi wa injini, daftari la mwelekezi (yule anayekaa pembeni ya dereva akimsomea njia), na kazi ya pili inayolipa kodi ya nyumba wakati mashindano hayalipi. Nitaupitia mlango huo hatua kwa hatua.

Ijue kwanza kazi yenyewe

Kuna mbio za namna nyingi kwenye udongo, na kila moja ina gharama na tabia yake. Marekani wana viwanja vya duara vya udongo, kama Eldora Speedway katika jimbo la Ohio, uliofunguliwa mwaka 1954. Pale magari hukimbizana bega kwa bega, yakigeuka kushoto tu, na madereva wake wengi ni watu wa kawaida wanaofanya kazi nyingine siku za wiki. Huku kwetu hakuna ligi ya namna hiyo. Kilicho karibu nayo zaidi ni autokrosi: uwanja wa udongo uliofungwa, njia fupi yenye kona nyingi, na dereva anashindana na saa. Anaizunguka mara kadhaa kwa siku, na muda wake unalinganishwa na wa wenzake wa daraja lake. Magari hugawanywa kufuatana na nguvu za injini na magurudumu yanayosukuma, na yapo hata madaraja ya watoto.

Juu ya autokrosi iko rali. Hapa dereva na mwelekezi wake hupita mikondo mirefu ya barabara za vumbi zilizofungwa kwa muda, gari moja moja, kila gari likiachiwa nafasi ili vumbi la aliyetangulia litulie. Ligi ya kitaifa ya rali ipo, na kilele chake ni Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Enzi hizo njia ilishuka mpaka Mombasa, kwa hiyo wazee wa Pwani wanaosema waliyaona magari hayo kwa macho yao hawakudanganyi. Zilikuwamo katika ubingwa wa dunia tangu 1973 hadi 2002, zikatoka, kisha zikarudi Juni 2021 zikiwa na makao Naivasha.

Shughuli hizi zote husimamiwa na shirikisho la mbio za magari nchini. Huko ndiko inakotoka leseni ya mashindano, ambayo ni tofauti na ile ya kuendesha barabarani inayotolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ya NTSA ya gari dogo inapatikana ukifika miaka 18. Usimwamini mtu anayekuuzia njia ya mkato ya leseni yoyote kati ya hizo mbili. Siku ya ajali karatasi ya bandia huwa imekufunga mwenyewe.

Habari ya pesa isemwe mapema

Ukitazama orodha ya madereva wanaoongoza Kenya, utaona majina ya ukoo yanajirudia. Hamza Anwar ni mtoto wa Azar Anwar, naye Azar amekimbia rali miaka mingi. McRae Kimathi, aliyepewa jina la bingwa wa Scotland Colin McRae, ni mtoto wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani aliyewahi kuuongoza mchezo huu. Sisemi hivyo kuwapunguzia sifa. Mwaka 2022 McRae alikwenda kukimbia Rally Sweden, juu ya theluji, na akamaliza. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye gereji ya mashindano hupewa bure vitu ambavyo wewe utavinunua kwa miaka: gari la kujifunzia, fundi wa nyumbani, na baba anayejua nani apigiwe simu.

Bei nazo si za mchezo. Gari la Rally3, ambalo ndilo daraja la chini kabisa lenye magurudumu manne yanayosukuma katika ngazi ya dunia, lilipoanzishwa liliwekewa kikomo cha takriban yuro 100,000. Hiyo ni bei ya gari tupu, kabla ya matairi, vipuri, usafiri na ada za kuingia. Gari kuukuu la autokrosi ni rahisi zaidi mara nyingi sana, lakini hata hilo linakula matairi na breki kila mwisho wa mwezi wa mashindano.

Kwa hiyo usipige hesabu ya kuishi kwa zawadi. Madereva wengi wa Kenya wana biashara, shamba au ajira, na mbio ni kitu wanachokigharamia. Wanaoishi kwa mchezo wenyewe mara nyingi hawashiki usukani: ni mafundi, waandaaji wa magari, waelekezi wanaotafutwa, wakufunzi, watu wa vipuri na matairi. Ukilielewa hili ukiwa na miaka 17, huna hasara. Ukilielewa ukiwa na miaka 30 baada ya kuuza kiwanja cha urithi, utakuwa umeumia na umewaumiza wenzio.

Anza chini ya gari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika mchezo huu mvungu ni wa gari.

Mtazame Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake, na alianza Safari akiwa karibu na miaka 30, umri ambao leo kijana angesema amechelewa. Alishinda mwaka 1965 na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba. Lakini hesabu ninayoipenda zaidi si ya ushindi: aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Ukitaka kuuona uzito wake, kumbuka kwamba mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7, na mwaka 1968 yalianza 93 yakamaliza 7 tena. Mbio hizo mbili alishinda mtu mmoja, Nick Nowicki, kwa Peugeot 404, gari la familia. Walioibuka kwenye matope yale walikuwa watu wanaoyasikiliza magari yao.

Usidhani mambo yamebadilika kwa kuwa magari yamekuwa ya kisasa. Safari iliporudi mwaka 2021, Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza mpaka siku ya mwisho asubuhi, shokapu ya nyuma ikafa, akatoka bila kitu. Ushindi ukamwendea Sébastien Ogier, ambaye siku ya kwanza alikuwa amepoteza muda mwingi.

Habari ni hiyo hiyo hata kwa Wamarekani wa viwanja vya duara. Ralph Earnhardt alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba katika mji wa Kannapolis, North Carolina, akaacha kazi hiyo miaka ya 1950 ili aishi kwa mbio za udongo. Aliweza kwa sababu magari aliyatengeneza mwenyewe, kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba yake. Asiyelipa fundi hubakiwa na kitu hata akishika nafasi ya tatu.

Sasa utauliza: Langoni gereji iko wapi? Gereji ya magari hakuna, lakini mafundi wa mashine za boti wapo, na injini ni injini. Nenda kwa fundi wa mashine umwombe akupokee, hata kwa kuosha vipuri. Siku ya kwanza atakapofungua plagi, mwombe akuonyeshe ncha yake kabla hajaifuta. Ikiwa ya rangi ya kahawia iliyopauka, injini inapumua vizuri. Ikiwa nyeusi na imelowa mafuta, inakula petroli au oili kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chaki, inachemka, na ukiendelea kuilazimisha itatoboka pistoni. Hilo ni somo la kwanza la dereva wa mashindano, na unaweza kulipata ufukoni kwetu bila kupanda basi.

Mwaka mmoja wa mashine za boti utakufundisha kusafisha karbureta, kutambua maji ndani ya petroli, kusikia silinda iliyolala, na kufungua nati iliyoliwa na chumvi bila kuikata. Ukishafika hapo, vuka. Mombasa kuna vyuo vinavyofundisha ufundi wa magari, kama Kenya Coast National Polytechnic na Technical University of Mombasa. Kama ada ni tatizo, tafuta gereji ikupokee kama mwanagenzi kisha ufanye mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Cheti cha Grade III hakimfanyi mtu kuwa bingwa, lakini kinampatia kazi, na kazi ndiyo itakayokuweka mjini mpaka bahati ikufikie.

Kiti cha pembeni kina nafasi zaidi

Kila gari la rali lina watu wawili, lakini watoto wote wanataka kuwa yule wa usukani. Ndiyo maana ninakushauri ukitazame kiti cha pembeni. Mwelekezi hanunui gari. Anahitaji leseni yake, kofia ngumu, suti isiyoshika moto, na kichwa kinachofanya hesabu kikitikiswa. Mwelekezi mzuri huitwa na madereva tofauti, hukaa ndani ya magari ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuyanunua, na huona kwa karibu dereva hodari anafanya nini na miguu yake.

Kazi yake ni hii. Kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi hupita njia yote polepole wakiandika kila kona. Kona hupewa namba kufuatana na ukali wake. Kwa mfumo wanaoutumia wengi, moja ni kona kali sana na sita ni ile inayopitwa kwa kasi kubwa. Siku ya mbio mwelekezi anasoma, na dereva anaendesha anachokisikia kabla hajakiona: «Kulia nne, hamsini, kushoto mbili inabana, usikate, jiwe ndani.» Mita hamsini ndiyo nafasi iliyopo kati ya kona na kona. Inabana maana yake kona inazidi kuwa kali unapoingia. Usikate ni onyo kwamba upande wa ndani kuna kitu kitakachovunja gurudumu.

Unaweza kujifunza kazi hii Langoni kesho asubuhi. Chukua daftari la shule, anzia Msikiti wa Riyadha mpaka ufukoni, na uandike kila kona ya vichochoro kwa namba, pamoja na ngazi, mitaro, na pale ambapo punda hufungwa. Kisha mwambie mwenzio asiyeijua njia uliyoichagua atembee mbio mbio, nawe nyuma yake ukimsomea. Akifika kwenye kona kabla ya sauti yako, umechelewa. Akisimama kukuuliza «umesemaje?», umesema mapema mno au umesema mengi. Endelea mpaka afike baharini bila kusimama. Ukiweza, badilisha njia na ufanye usiku kwa tochi. Utakapoingia gari la kwanza la rali, utakuta kitu kigeni ni kelele na mtikisiko tu.

Mwelekezi pia ndiye karani wa timu. Yeye hutunza kadi ya muda, na kufika kwenye kituo cha ukaguzi mapema au kwa kuchelewa kunaleta adhabu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alimaliza Safari akiwa amelingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden. Ushindi ulimwendea Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila adhabu yoyote. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini ushindi ule wa kwanza ulitoka kwenye karatasi za mwanzo wa mbio.

Mkono, jicho na mchanga

Wanaopanda punda wa mashindano ufukoni wakati wa Maulidi wanajua jambo ambalo madereva wengi hujifunza kwa gharama. Mpandaji hukaa nyuma kabisa, juu ya matako ya punda, bila tandiko, na akimlazimisha kwa fimbo palipo na watu wengi, punda humtupa au huingia pembeni. Anayeshinda ni yule aliyemwacha punda apate mwendo wake kisha akamhimiza mwishoni. Gari kwenye udongo nalo hukataa kulazimishwa. Ukipiga breki katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na kuteleza. Kwa hiyo breki hupigwa kabla ya kona gari likiwa limenyooka, kisha linageuzwa, kisha petroli inaongezwa taratibu.

Nyuma ikiteleza kwenda kulia, geuza usukani kulia. Ikienda kushoto, geuza kushoto. Halafu urudishe upesi, kwa sababu wengi hugeuza vizuri lakini huchelewa kurudisha, na gari linawapiga upande wa pili. Macho yaende unakotaka kufika. Mtu anayeutazama mnazi ataugonga mnazi.

Mchanga mzito una kanuni zake. Punguza upepo wa matairi ili yatandazike, ondoka taratibu bila kuyazungusha, na usisimame penye kina. Vumbi laini kama unga, lile la Kedong huko Naivasha, huficha mawe na huingia kwenye chujio la hewa mpaka injini inakosa pumzi. Fundi aliyekulia Pwani, anayejua mchanga na chumvi vinavyokula chuma, ana la kuwaambia watu wa bara.

Haya yote hayajifunzwi kwenye barabara ya umma. Barabara ya Mokowe hadi Garsen ina mabasi, mifugo na watoto wa shule, na polisi wake hawajali kwamba unajifunza rali. Wala usiigeuze pwani ya mji kuwa uwanja wa bodaboda. Mtu mzima atokaye msikitini hana daftari la maelekezo la kumwambia unatokea kona ipi. Anza kwa go-kart, kama kwenye uwanja ulioko upande wa Shanzu huko Mombasa. Dakika kumi za go-kart si bei rahisi, lakini ni rahisi kuliko jeneza.

Mwili na vifaa

Ndani ya gari la mashindano kuna joto kali, na umevaa suti nzito na kofia. Fanya mazoezi ya shingo, mgongo na pumzi. Kuogelea kunafaa, nasi tuna bahari mlangoni. Kama mashindano yameangukia Ramadhani, zungumza mapema na timu na daktari kuhusu maji, na umwulize maalim wako hukumu ya msafiri, usije ukaamua mambo hayo ukiwa tayari umefunga mkanda.

Katika vifaa, usibane pesa kwa kofia, mikanda, fremu ya mabomba ndani ya gari, kizima moto, na kile kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kisirushwe mbele wakati wa kugonga. Dale Earnhardt, mtoto wa yule Ralph, alichukua ubingwa wa NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, mara 7. Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona, aligonga ukuta akafa kwa kuvunjika tako la fuvu. Kifaa cha shingo kilikuwapo sokoni, lakini yeye hakukitumia. Miezi michache baadaye NASCAR ikakifanya cha lazima kwa wote. Ukiuziwa kofia ya mtumba, uliza imewahi kugonga. Kama muuzaji anasitasita, iache pale pale.

Kwa mabinti

Wasichana wanaoniuliza kama mchezo huu unawahusu, nawajibu kwa tarehe. Mwaka 1974 Orie Rogo Manduli aliingia Safari na mwelekezi wake Sylvia Omino, akiwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuziendesha mbio hizo. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alimaliza wa tatu kwa Audi Quattro. Gari halina mlango wa wanaume. Ushauri wangu kwenu ni ule ule wa spana na daftari, na nyongeza moja: nendeni gereji mkiwa wawili, na mwajiri asiyetaka kuwafundisha kazi yenyewe msimkalie miezi mkimpikia chai.

Mdhamini hanunui ndoto

Mabenki na makampuni hudhamini mbio hizi. Benki ya KCB, kwa mfano, imekuwa mfadhili wa rali ya Kenya kwa miaka mingi. Lakini kampuni haikupi pesa kwa kuwa unaupenda mchezo. Inataka kuonekana na wateja wake, na inataka mtu asiyeiaibisha. Kabla hujaandika barua, kuwa na kitu cha kuonyesha: matokeo hata ya daraja la chini, picha safi, hesabu ya kila shilingi, na mtu wa kukudhamini kwa maneno.

Kijana wa Amu ana kitu ambacho wa Nairobi hana. Dereva anayetoka kwenye mji wa urithi wa dunia ambao usafiri wake ni punda na boti ni habari yenyewe, na wenye hoteli na wenye boti hapa wanalijua soko la utalii. Anza nao kwa vitu vidogo, kama nauli ya Mombasa au seti ya matairi, na uwape hesabu hata wasipoiomba. Anayekupa elfu tano akaona risiti, mwakani atakupa hamsini. Akikosa kuona risiti, atawasimulia wenziwe wote barazani.

Usichukue mkopo wa riba kununulia gari la mashindano, wala usiuze fungu la ndugu zako. Gari la mbio halikai dhamana: likipinduka Jumapili, Jumatatu ni chuma chakavu.

Miaka mitatu ya mwanzo

Kwa anayetaka mpango, huu hapa. Mwaka wa kwanza, fundi wa mashine ya boti asubuhi, daftari la vichochoro jioni, na leseni ya NTSA ukitimiza umri. Mwaka wa pili, vuka uende chuo au gereji Mombasa, kisha ujitolee kuwa afisa wa njia kwenye mashindano. Hawa ndio wanaosimama kwenye mikondo wakihesabu magari, wakizuia watu na mifugo, na kupeleka habari kwa redio. Hakuna kiti cha bei rahisi kuliko hicho cha kuonea madereva wanavyoingia kona, na utajuana na wakaguzi, watunza muda na wakuu wa timu. Mwaka wa tatu, omba nafasi katika timu ya huduma, ile inayokarabati gari kati ya mkondo na mkondo. Ukiweza kubadilisha shokapu dakika zikihesabiwa na watu wakikupigia kelele, mtu atakukumbuka siku mwelekezi wake atakapougua.

Baada ya hapo ndipo lije gari la autokrosi, kuukuu, la magurudumu mawili yanayosukuma, bila turbo. Linunueni watu watatu au wanne mkiwa na mkataba wa maandishi: nani anaendesha lini, nani analipa likivunjika, na anayejitoa anarudishiwa nini. Urafiki mwingi wa gereji umevunjwa na kipengele ambacho hakikuandikwa.

Kwenu wazazi, nina ombi moja. Mtoto akisema anataka kuwa dereva wa mbio, msimpe pesa wala msimpige marufuku. Mpelekeni kwa fundi. Kama hamu yake ni ya kelele na picha za simu, miezi sita ya mikono yenye grisi itaimaliza, naye atakuwa ameokota ufundi utakaomlisha popote kuanzia Mokowe hadi Maskati. Na kama baada ya miezi sita bado anaamka alfajiri kabla ya fundi wake kufungua banda, basi mnaye dereva, au mwelekezi, au mtengeneza magari wa kutegemewa. Hapo sasa kaeni naye, mfungue daftari la hesabu, na mzungumze habari ya leseni ya mashindano.